Kutoka London hadi Paris: kwa nini dakika 50 za angani huwa safari ya nusu siku

Ukifungua ratiba ya ndege kwenye simu yako leo, unaweza kukuta jambo kama hili. Ndege inaondoka London saa 4:00 asubuhi na kufika Paris saa 6:20 mchana. Jioni yake ndege nyingine inaondoka Paris saa 12:00 na kufika London saa 12:20. Kwa kuangalia saa peke yake, kwenda kumechukua saa mbili na dakika ishirini, na kurudi kumechukua dakika ishirini tu. Ndege ni za aina moja, njia ni ile ile, na umbali haujapungua hata mita moja.

Hakuna aliyekosea kuandika. Ila anayesoma ratiba hiyo bila kujua ilivyoandikwa anaweza kukosea vibaya, na kosa hilo lina gharama. Wengi wetu tuna mtoto, ndugu au jirani ambaye amepitia London au Paris akienda masomoni, kazini, kwenye mashindano au kwa matibabu. Nauli yake mara nyingi ni ng'ombe waliouzwa au mchango wa ukoo mzima. Tiketi inatumwa kwa simu, wazazi kijijini wanaisoma, na kila mtu anaona mambo yamekamilika. Kisha msafiri anakosa ndege kwa sababu aliambiwa kwamba kutoka London hadi Paris "ni saa moja tu".

Ni kweli kwamba ni saa moja, na pia si kweli. Katika makala hii tunaichukua miji hiyo miwili, mmoja wa Uingereza na mwingine wa Ufaransa, tupime pamoja safari yake: umbali wa ramani, muda wa angani, muda wa tiketi, na muda halisi wa kutoka mlangoni hadi mlangoni.

Umbali wenyewe ni upi?

Ukinyoosha mstari kutoka katikati ya London hadi katikati ya Paris, unapata kilomita 344 hivi. Huo ndio umbali unaotajwa kwenye vitabu na kwenye simu. Si mbali sana. Reli ya kisasa ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ina kilomita zaidi ya 470, kwa hiyo mstari wa London na Paris ni mfupi kuliko reli hiyo.

Huhitaji kuamini tu. Ukiwa na kikokotoo cha simu unaweza kuupima mwenyewe. London iko kwenye nyuzi 51.51 kaskazini mwa ikweta, Paris iko kwenye nyuzi 48.86. Tofauti ni nyuzi 2.65. Kila uzi mmoja wa kwenda kaskazini au kusini ni kama kilomita 111, popote ulipo duniani. Zidisha, utapata kilomita 294. Maana yake Paris iko kusini mwa London kwa kilomita 294.

Sasa upande wa mashariki. London iko uzi 0.13 magharibi mwa mstari wa sifuri, ule unaopita Greenwich. Paris iko nyuzi 2.35 mashariki mwa mstari huo. Jumla ni nyuzi 2.48. Hapa kuna tofauti moja: kwetu karibu na ikweta, uzi mmoja wa kwenda mashariki nao ni kama kilomita 111, lakini kadiri unavyokwenda kaskazini mistari hiyo inasogeleana, mpaka ikutane yote kwenye ncha ya dunia. Katika eneo la London na Paris uzi mmoja wa mashariki umebaki kilomita 71 tu. Zidisha 2.48 kwa 71, unapata kilomita 176.

Una pembetatu mraba: upande mmoja 294, mwingine 176. Zidisha kila upande kwa wenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili, kama tulivyofundishwa shuleni kwa kanuni ya Pythagoras. Jibu linakaribia kilomita 343. Umeupata umbali wa London hadi Paris ukiwa umekaa chini ya mwembe, na umepishana na vitabu kwa kilomita moja.

Lakini hakuna msafiri anayepita kwenye mstari huo. Kwa gari, pamoja na kuvuka bahari, ni kama kilomita 460. Kwa treni ni kilomita 492. Na ndege nayo ina njia yake.

Kwa nini ndege hainyooki

Wengi tunadhani angani hakuna barabara, kwamba rubani anaelekeza pua ya ndege kwenye mji anaokwenda na kuruka. Zamani ilikuwa karibu hivyo, na ni kwenye njia hii hii ya London na Paris watu walipojifunza kwa uchungu kwamba haifai.

Louis Blériot, Mfaransa, alikuwa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege juu ya bahari inayotenganisha nchi hizi mbili. Ilikuwa tarehe 25 Julai 1909. Aliondoka karibu na Calais akatua Dover, na ilimchukua kama dakika 37. Miaka kumi baadaye, tarehe 25 Agosti 1919, ilianza huduma ya kila siku ya ndege za abiria kati ya London na Paris. Ndege ya siku hiyo ilibeba abiria mmoja pamoja na vifurushi, na ilitumia muda wa saa mbili na nusu hivi. Nauli ilikuwa pauni 21, fedha nyingi mno kwa wakati huo.

Marubani wa enzi hizo hawakuwa na rada. Waliangalia chini na kufuata barabara kuu na reli, kama dereva anavyofuata alama za njiani. Kukiwa na ukungu walishuka chini zaidi ili waione barabara. Tarehe 7 Aprili 1922, ndege mbili za abiria, moja ikitoka London na nyingine ikitoka Paris, zilikuwa zinafuata barabara moja katika ukungu kaskazini mwa Ufaransa. Zikagongana uso kwa uso. Watu 7 walikufa. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa ndege mbili za abiria kugongana angani.

Baada ya ajali hiyo wahusika walikutana na kukubaliana kuwe na njia maalumu za angani na utaratibu wa kupishana. Leo anga la Ulaya limejaa njia hizo, na waongozaji wa ndege waliopo ardhini humwambia rubani apite wapi, kwa urefu gani na kwa kasi gani. Ndege ya kwenda Paris haielekei Paris moja kwa moja. Inaruka kwa kufuata upepo ulivyo siku hiyo, inazunguka kuingia kwenye njia yake, na karibu na Paris inazunguka tena kupanga foleni na nyingine. Kilomita 344 za ramani zinaongezeka. Hizo za ziada ni gharama ya kuwa salama.

Muda wa angani na muda wa tiketi

Ndege kubwa ya abiria ikishafika juu inaweza kwenda kilomita 800 kwa saa au zaidi. Ukigawanya 344 kwa 800, unapata dakika 26. Mbona basi tiketi inasema saa moja na dakika ishirini?

Sababu ya kwanza ni kwamba katika safari fupi ndege haipati nafasi ya kukimbia. Inatumia robo saa au zaidi kupanda, na kabla abiria hajamaliza kinywaji chake, inaanza kushuka. Kushuka nako kunachukua dakika ishirini au zaidi, tena kwa mwendo unaopungua. Kwa hiyo muda wa kuwa angani kati ya London na Paris ni kama dakika 50, si 26.

Sababu ya pili ni kwamba tiketi haihesabu muda wa angani. Inahesabu kuanzia ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena upande wa pili. Heathrow, uwanja mkubwa kuliko yote wa London, una njia mbili tu za kurukia, na ndege zinaweza kupanga foleni ndefu asubuhi. Paris nako, baada ya kutua, ndege inaweza kutembea ardhini dakika kumi au zaidi hadi ifike inapoegeshwa. Dakika hizo zote ziko ndani ya muda wa tiketi.

Sababu ya tatu ni tahadhari. Mashirika ya ndege huongeza dakika kidogo kwenye ratiba ili kuchelewa kidogo kusiharibu mipango ya siku nzima. Ndiyo maana wakati mwingine rubani hutangaza kwamba ndege imefika mapema.

Saa za ukutani zinavyodanganya

Sasa turudi kwenye ile ratiba ya kustaajabisha. Jibu lake ni kwamba saa zote zinazoandikwa kwenye tiketi ni saa za mahali husika. Saa ya kuondoka ni ya mji unakotoka, saa ya kufika ni ya mji unakokwenda. Paris iko mbele ya London kwa saa moja. Ukiondoka London saa 4:00 asubuhi, kule Paris tayari ni saa 5:00. Ongeza muda wa saa moja na dakika ishirini, unatua saa 6:20 mchana. Ukirudi saa 12:00 jioni ya Paris, London ni saa 11:00. Ongeza saa moja na dakika ishirini, ni saa 12:20. Safari ni sawa kwenda na kurudi.

Ajabu ni kwamba kwa jua lilivyo, Paris ingeweza kabisa kuwa na saa sawa na London, kwa kuwa miji hiyo imeachana kidogo tu kwenda mashariki. Na ilikuwa hivyo. Mwaka 1911 Ufaransa iliacha kutumia saa ya Paris na kufuata ya Greenwich. Mwaka 1940, Ujerumani ilipoiteka Paris katika Vita Kuu ya Pili, saa za mji zilisogezwa mbele zifuate za Berlin. Vita viliisha, Wajerumani wakaondoka, saa ikabaki palepale hadi leo.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna hesabu ya ziada, maana Ulaya hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Miji hii miwili hubadilika kwa pamoja, kwa hiyo tofauti kati yao hubaki saa moja. Tofauti na kwetu ndiyo hubadilika. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, saa ya Kenya, Tanzania na Uganda iko mbele ya London kwa saa tatu, na mbele ya Paris kwa saa mbili. Miezi iliyobaki iko mbele ya London kwa saa mbili, na Paris kwa saa moja. Msikilizaji uliye Rwanda, Burundi au mashariki mwa Kongo, punguza saa moja katika kila hesabu hiyo.

Tena tiketi huandikwa kwa saa 24. Ukiona 14:35, toa 6, unapata saa 8:35 mchana kwa saa zetu. Ukiona 20:00, toa 6, kisha toa 12, unapata saa 2:00 usiku. Ukiona 05:30, ongeza 6, ni saa 11:30 alfajiri.

Inayoponza watu wengi ni ndege ya baada ya usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 12, saa 00:15, maana yake ni saa 6:15 ya usiku wa kuamkia tarehe 12. Msafiri anatakiwa awe uwanjani jioni ya tarehe 11. Akisubiri jioni ya tarehe 12, ndege imeshaondoka karibu siku nzima iliyopita, na mara nyingi fedha ya tiketi imekwenda nayo.

Mlango kwa mlango: ndege na treni

Tuchukue mtu anayeishi katikati ya London na anakwenda katikati ya Paris. Kutoka nyumbani hadi Heathrow, weka saa moja. Afike uwanjani saa mbili kabla, kwa ajili ya mizigo na ukaguzi. Ndege saa moja na dakika ishirini. Kushuka, kuonyesha pasipoti na kuchukua mzigo, weka dakika arobaini. Uwanja mkubwa wa Paris, unaoitwa Charles de Gaulle, uko kama kilomita 25 kutoka katikati ya mji, kwa hiyo weka dakika hamsini za kuingia mjini. Jumlisha: saa tano na dakika hamsini. Zile dakika 50 za angani ni sehemu moja tu kati ya saba.

Mwenzake anapanda treni. Tangu mwaka 1994 kuna handaki la reli lililochimbwa chini ya bahari kati ya nchi hizi mbili. Lina urefu wa kilomita 50.45, na kilomita karibu 38 ziko chini ya bahari. Treni ya Eurostar inatoka kituo cha St Pancras, ndani ya London, na kuingia kituo cha Gare du Nord, ndani ya Paris. Inakimbia hadi kilomita 300 kwa saa, na safari nzima inachukua saa mbili na dakika ishirini hivi. Ndani ya handaki inapunguza mwendo hadi kilomita 160 kwa saa na kupita kwa kama dakika ishirini.

Msafiri wa treni naye anatakiwa kufika mapema, saa moja au zaidi, kwa sababu askari wa mpaka wa Ufaransa wanakagua pasipoti humo humo London kabla hajapanda. Faida yake ni kwamba akifika Paris anashuka na kutembea, hakuna foleni nyingine ya pasipoti. Weka nusu saa ya kufika kituoni, saa moja na robo ya kusubiri, saa mbili na dakika ishirini za treni, na robo saa ya kutoka kituoni. Jumla ni saa nne na dakika ishirini.

Kwa hiyo treni, inayokwenda kwa mwendo usiofika nusu ya ule wa ndege, inamtangulia mwenye ndege kwa saa moja na nusu. Imemshinda kwa kuanzia na kuishia katikati ya mji.

Ufaransa imelichukua jambo hili kwa uzito. Tangu Mei 2023 sheria yake inazuia ndege za abiria ndani ya nchi pale ambapo treni inaweza kufika kwa muda wa chini ya saa mbili na nusu, ili kupunguza moshi unaochafua hewa. Safari za ndege zilizoguswa ni zile za kutoka uwanja wa Orly wa Paris kwenda Bordeaux, Lyon na Nantes. London haimo kwa sababu ni nchi nyingine.

Hata hivyo ndege haijakosa wateja. Mtu anayetoka Nairobi na kubadilisha ndege London au Paris hana haja ya katikati ya mji. Yeye anashuka ndege moja na kupanda nyingine. Kwa huyo, ndege ndiyo njia ya haraka, ila kwa sharti tunalolieleza sasa.

Jina la mji si jina la uwanja

Tiketi ikisema "London", bado hujajua unakwenda wapi. Viwanja vinavyobeba jina la London ni kadhaa: Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, City na Southend. Kutoka Heathrow hadi Gatwick ni kama kilomita 65 za barabara, na basi likikumbana na foleni ya magari linaweza kuzidi saa moja na nusu. Paris nayo ina Charles de Gaulle upande wa kaskazini, Orly upande wa kusini, na kuna uwanja wa Beauvais ambao huuzwa kwa jina la Paris ilhali uko kilomita zaidi ya 80 kutoka mjini.

Fikiria kijana anayetoka kwetu anafika Heathrow, na tiketi yake ya Paris inaondokea Gatwick saa tatu baadaye. Kwenye simu saa tatu zinaonekana nyingi. Lakini atashuka, apange foleni ya pasipoti, asubiri mzigo, atafute basi, aende kilomita 65, kisha akaguliwe upya. Huyo ameshachelewa kabla hajaondoka nyumbani.

Jambo la kuangalia ni herufi tatu zinazoandikwa kando ya jina la mji. LHR ni Heathrow, LGW ni Gatwick, STN ni Stansted, LTN ni Luton. CDG ni Charles de Gaulle, ORY ni Orly, BVA ni Beauvais. Herufi za mahali unaposhuka na mahali unapopanda zikiwa tofauti, jua kuna safari ya barabarani katikati ambayo tiketi haijaitaja.

Angalia pia kama ni tiketi moja au mbili. Safari nzima ikiwa kwenye tiketi moja, na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika lina wajibu wa kukutafutia ndege nyingine. Ukinunua mbili mbali mbali kwa sababu ni rahisi, kila shirika linakuhesabu kama mgeni mpya. Ya kwanza ikichelewa, ya pili inaondoka, na hasara ni yako.

Mpaka usioonekana angani

Uingereza na Ufaransa ni nchi jirani, lakini hazitumii visa moja. Ufaransa imo katika kundi la nchi za Schengen, ambazo visa yake moja inakubalika katika zote. Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya kundi hilo, hata kabla haijatoka Umoja wa Ulaya Januari 2020. Kwa hiyo visa ya Ufaransa haimwingizi mtu London, na visa ya Uingereza haimwingizi mtu Paris. Wakala akikuambia "ukishafika Paris, London ni hapo tu," anasema kweli kuhusu kilomita na kukupotosha kuhusu safari.

Hata anayepita tu anahusika. Uingereza inawataka raia wa nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, wawe na ruhusa ya kupita hata kama hawatoki nje ya uwanja, isipokuwa wale wenye baadhi ya visa na vibali vya nchi nyingine. Na anayebadilisha uwanja, kutoka Heathrow kwenda Gatwick au kutoka Charles de Gaulle kwenda Orly, anaingia ndani ya nchi, na lazima awe na haki ya kuingia. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo yaulize ubalozini au kwenye shirika la ndege, si kwa mtu anayetaka kukuuzia tiketi.

Wapo waliojaribu kuvuka bila karatasi hizo. Mahali pembamba kabisa, bahari ya kati ya Ufaransa na Uingereza ina kilomita 33 hivi. Ndege inapita juu yake kwa dakika chache. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Novemba 2021 mashua ya mpira iliyojaa wahamiaji ilizama pale. Watu wasiopungua 27 walikufa. Wawili tu waliokolewa wakiwa hai, mmoja wao akitokea Somalia. Kwa watu wale, kilomita 33 ziligeuka kuwa umbali usiovukika.

Kilomita zinapogeuka fidia

Tumalizie na habari njema ambayo wasafiri wengi wa kwetu hawaijui. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inampa abiria haki ya fidia ndege inapofutwa ghafla, na mahakama ya Umoja huo ikaongeza kwamba haki hiyo ipo pia anapofika akiwa amechelewa saa tatu au zaidi. Fidia hiyo hupimwa kwa umbali. Safari isiyozidi kilomita 1,500, kama ya Paris hadi London, ni euro 250. Zaidi ya hapo hadi kilomita 3,500, kwa safari za nje ya Umoja, ni euro 400. Inayozidi kilomita 3,500, kama ya Paris hadi Nairobi, ni euro 600, ingawa inaweza kupunguzwa abiria akifikishwa kwa kuchelewa kidogo tu. Uingereza nayo imebaki na kanuni ya namna hiyo, na kwa safari fupi inatoa pauni 220.

Haki hii haiangalii uraia wa abiria. Ndege yoyote inayoondokea uwanja wa nchi za Umoja wa Ulaya inahusika. Inayotoka kwetu kwenda huko inahusika ikiwa ni ya shirika la Ulaya. Fidia hailipwi pale sababu ikiwa nje ya uwezo wa shirika, kama hali mbaya ya hewa. Na kama safari nzima iko kwenye tiketi moja, umbali unaohesabiwa ni hadi mwisho wa safari, si wa kile kipande kilichochelewa. Kwa hiyo mtu aliyekata tiketi moja ya Paris hadi Nairobi kupitia London, akicheleweshwa kwenye kile kipande kifupi mpaka akaikosa ndege ya Nairobi, anahesabiwa umbali mrefu. Atunze tiketi na pasi yake ya kupandia ndege, maana ndiyo ushahidi wake.

Kabla fedha haijatoka

Mtoto au ndugu akikuonyesha tiketi ya kupitia London, Paris au mji wowote mkubwa, kaeni pamoja na muulizane haya kabla ya kulipa:

– Saa zilizoandikwa ni za mji gani, na kwa saa zetu ni saa ngapi?
– Kama ndege ni ya baada ya usiku wa manane, ni usiku wa kuamkia tarehe ipi?
– Herufi tatu za uwanja wa kushukia ni sawa na za uwanja wa kupandia?
– Ni tiketi moja au mbili?
– Visa au ruhusa ya kupita inatakiwa katika kila nchi atakayokanyaga?
– Akitoka uwanjani, atafikaje anakokwenda, na itamchukua muda gani?

Maswali yote sita yanajibika kwa nusu saa mkiwa na simu moja mkononi. Jibu la lolote likiwa "sijui," shikeni fedha yenu kwanza mpaka lijulikane.